Kutoka Usawa wa Bahari: Mwili wa Mtu wa Tanga Unapopandishwa Mlimani

Nunua pakiti ya krispi stendi ya Tanga asubuhi, usiifungue, ipakate mpaka Lushoto. Segera, Korogwe, Mombo, bado ni ile ile uliyouziwa. Gari likishaanza kuzizunguka kona za kupanda mlima, pakiti nayo inaanza kujaa, na unaposhuka Lushoto mjini imevimba ikakaza kama ngoma. Masikio yameziba na kuzibuka mara tatu au nne. Kila ukimeza mate yanatoa mlio mdogo, unasikia tena vizuri. Hakuna aliyeipuliza pakiti ile. Hewa iliyofungiwa ndani haijaongezeka; kilichopungua ni kile kilichokuwa kikiibana kwa nje.

Tanga tuko usawa wa bahari, maana yake juu ya vichwa vyetu imelala hewa yote iliyopo. Angalia duka la magodoro yaliyopangwa mpaka karibu na dari: la chini limebanwa likawa jembamba, la juu limejiachia. Hewa iko hivyo hivyo. Ya huku chini imeshindiliwa na ya juu yake, na kila unavyopanda mzigo unapungua. Kwa kipimo cha zebaki, Tanga ni milimita kama 760. Lushoto, mita 1,400 hivi, ni kama 645. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni karibu 375, yaani nusu tu ya tuliyoizoea.

Ndiyo maana msemo wa "kule juu hakuna oksijeni" unapotosha. Oksijeni ipo, asilimia 21 ile ile ya Raskazone, ufukweni Tanga. Kinachopungua ni msukumo wa kuipenyeza kwenye utando wa mapafu mpaka iingie kwenye damu. Na hapo pana jambo ambalo wengi hawalitii hesabuni: hewa ikishaingia mwilini inalowana, na mvuke huo huchukua milimita 47 za nafasi popote ulipo, Tanga au kileleni. Toa kwanza hizo 47, ndipo uchukue asilimia 21 ya kilichobaki. Tanga unapata msukumo wa oksijeni wa milimita 149. Uhuru unapata kama 69. Ni chini ya nusu.

Wanaozamia pweza kwa kubana pumzi hudhani pumzi ndefu itawabeba mlimani. Haiwabebi. Ukizama mita 10 maji yanaufanya mgandamizo kuwa mara mbili, oksijeni uliyoshuka nayo inasukumwa kwa nguvu zaidi kuliko ulipokuwa ngalawani, na baada ya dakika moja au mbili unaibuka. Ili mgandamizo upungue kwa nusu unapaswa kupanda kama mita 5,500, lakini kule hakuna kuibuka. Upungufu uko nawe ukila, ukilala, ukifunga kamba za viatu.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa pwani wanaopanda: kijana anayekwenda Moshi kutafuta kazi ya kubeba mizigo msimu ukianza, mwalimu anayepeleka wanafunzi Kilimanjaro, mtumishi aliyepangiwa Makete, mfanyabiashara anayehamia Addis Ababa. Wengi wanaambiwa wao ni "watu wa joto", damu yao haikuumbiwa mlima. Si kweli. Mitambo ya kujirekebisha kila mtu amezaliwa nayo, Mdigo na Mbondei sawa na Mchaga. Inachodai mitambo hiyo ni usiku wa kutosha, na usiku ndio kitu cha kwanza kukatwa pale watu wanapobana bajeti ya safari.

Shingo, mapafu, figo

Wa kwanza kupata habari ni shingo. Pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, tawi moja likienda usoni na jingine kwenye ubongo, pana kinundu kidogo kama punje ya mchele, kimoja kila upande. Kazi yake ni kuonja oksijeni ya damu inayopita. Ikipungua, ndani ya dakika chache kinaamuru upumue zaidi, na moyo unaongeza mapigo. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika kuzoea mwinuko, na ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu kila mtu amekaririshwa kwamba kuzoea ni "damu kuongezeka".

Kupumua sana kuna gharama yake. Unapovuta oksijeni zaidi unatoa hewa ukaa nyingi kuliko kawaida, na hewa ukaa ndiyo inayoipa damu uchachu wake kidogo. Ikitoka mno, damu inaelekea upande wa magadi. Ubongo ukiona hivyo unasema punguza kupumua, huku shingo inasema ongeza. Mvutano huo unasikika wazi usiku hemani: mtu aliyelala anapumua kwa kasi, anaongeza, anaongeza, halafu kimya. Sekunde kumi, kumi na tano, hakuna kitu. Kisha anashtuka na pumzi kubwa na mzunguko unaanza upya. Mwenzake wa karibu akiwa mgeni humtikisa akidhani anakata roho. Kupumua kwa namna hiyo usingizini juu ya mita 3,000 ni kawaida, hata kwa watu wazima wa afya, na peke yake si dalili ya hatari.

Anayeumaliza mvutano ni figo. Zinaanza kuitoa ile chumvi ya jamii ya magadi kwenye mkojo, damu inarudi kwenye mizani yake, ubongo unaacha kuzuia, na sasa unaweza kupumua zaidi mchana na usiku. Hiyo ndiyo sababu mtu anayezoea vizuri hukojoa sana siku za mwanzo. Anayepanda halafu mkojo wake ukawa mchache na wa rangi nzito anatakiwa kuangaliwa. Ila figo hazikimbizwi. Marekebisho haya yanaanza siku ya kwanza na kuendelea siku nne, tano, na kila ukipanda tena yanaanza upya kwa kiwango kipya.

Ukishalielewa hilo unaielewa na dawa ya asetazolamaidi. Watu wanaiogopa wakidhani inaficha dalili kama dawa ya maumivu. Haifichi. Inazilazimisha figo kuitoa ile chumvi mapema, kwa hiyo kinachotokea mwilini ni kile kile, ila kwa haraka. Dozi ya kujikinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole na midomo vitawasha kama vilivyokufa ganzi, utakwenda haja ndogo mara nyingi, na soda itakuwa na ladha ya ajabu mdomoni. Mwenye mzio mkali wa dawa za salfa, mjamzito au mwenye ugonjwa wa figo asiinywe kabla ya kuongea na daktari. Tena inywewe kwanza nyumbani siku mbili kwa majaribio, ili usije ukaugundua mzio wako ukiwa Horombo, kambi ya katikati ya Kilimanjaro.

Sasa damu yenyewe. Ndani ya saa chache figo hutoa homoni iitwayo eritropoietini, inayokwenda kuuamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Namna seli zinavyotambua kwamba oksijeni imepungua ndiyo iliyowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2019. Lakini chembe mpya huchukua siku nne, tano hata kuanza kuonekana, na wiki kadhaa kuwa nyingi za kutosha. Ukipimwa siku ya pili ukaambiwa damu imepanda, kilichotokea ni kwamba maji ya damu yamepungua, chembe ni zile zile. Kwa hiyo juisi ya rozela na ya bitiruti inayonywewa wiki ya safari "ili kuongeza damu" haitakusaidia kitu Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Safari ya siku sita inaisha kabla uboho haujafika mbali.

Kwa anayehamia kuishi juu, hapo mambo ni tofauti. Uboho hautengenezi chembe bila madini ya chuma, na mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi anaweza kupanda akiwa hana akiba. Maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani vina madini hayo. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia yasifyonzwe, na sisi wa pwani chai hatuitengi na chakula. Isogeze saa moja au mbili mbele.

Damu nyingi si ushindi

Kuna watu waliokaa juu vizazi kwa vizazi, na ukiwalinganisha unaona kwamba mwili wa binadamu haukujibu swali hili kwa njia moja.

Wenyeji wa milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, walijibu kwa damu. Mwanamume wa kule kwenye mita 4,000 ana himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ya gramu 19 hivi kwa desilita, wakati kwetu mwenye 15 anaambiwa yuko vizuri. Watibeti wanaoishi kwenye mwinuko ule ule wana 15 mpaka 16 tu, karibu sawa na mtu wa Tanga. Wao wanapumua zaidi, mishipa yao midogo inapitisha damu nyingi, na wana toleo la kinasaba kiitwacho EPAS1 linalouzuia mwili usijaze chembe nyekundu ovyo. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba toleo hilo lilitoka kwa Wadenisova, jamii ya kale ya binadamu iliyokwishatoweka. Waethiopia wa milima ya Semien, kwenye mita 3,500 hivi, walipopimwa walikutwa na himoglobini ya kawaida na oksijeni ya damu ya kiwango cha juu, bila ile picha ya Andes wala ile ya Tibet. Ethiopia hiyo hiyo, katika milima ya Bale, pango la Fincha Habera lililo karibu mita 3,500 lilikaliwa na watu kati ya miaka 47,000 na 31,000 iliyopita. Mifupa iliyochimbuliwa inaonyesha walikula mafuko wakubwa wanaopatikana milima ile tu.

Kwa nini damu nyingi isiwe nzuri? Inakuwa nzito. Moyo unasukuma uji badala ya maji. Mwaka 1925 daktari Carlos Monge Medrano wa Peru alieleza ugonjwa wa watu walioishi juu kwa miaka mingi: midomo ya zambarau, macho mekundu, kichwa kuuma, kuchoka, chembe nyekundu zimepita kiasi. Tiba yake kubwa ni kuhamia chini. Mimba nazo zinaonyesha gharama hiyo. Kwa wastani mtoto huzaliwa na uzito pungufu wa kama gramu 100 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na upungufu huo ni mdogo kwa jamii zilizokaa juu muda mrefu.

Tanzania haina mji ulio juu ya mita 3,000. Vihamba vya Wachaga viko kati ya mita 900 na 1,800 hivi, na ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanzia mita 2,500. Kwa hiyo ule usemi kwamba Mchaga "amezaliwa mlimani, hapati" hauna msingi. Anachomzidi kijana wa Tanga ni kuijua baridi, kuyajua mavazi, na kupanda mara kwa mara ndani ya msimu mmoja. Akikaa bondeni miezi miwili, Kibo kutamfanyia kama kutakavyomfanyia Msegeju.

Mfano wa hadharani ni Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, jiji lililo mita 2,240. Mbio za mita 10,000 alishinda Naftali Temu wa Kenya, mita 1,500 Kipchoge Keino, marathoni Mamo Wolde wa Ethiopia. Wote wa nyanda za juu. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza wa sita na kuanguka mstarini, akapewa oksijeni. Mazoezi hayakumkinga. Wala hayamkingi kijana mwenye kifua kipana wa timu ya mtaa. Pengine yanamponza, maana miguu yake inamwezesha kufika juu kabla figo zake hazijafika.

Hesabu ya usiku

Kanuni inayotumika duniani ni hii: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku wa ziada pale pale. Kinachohesabiwa ni mahali pa kulala. Mchana unaweza kwenda juu zaidi ukarudi, na ni vizuri.

Iweke kanuni hiyo juu ya njia ya Marangu uone. Kambi ya Mandara ni mita 2,700 hivi, Horombo 3,720, Kibo 4,700. Kila siku ni mita 1,000, mara mbili ya kiwango. Kisha usiku wa manane unatoka Kibo kupanda mita 1,200 nyingine mpaka Uhuru. Safari ya siku tano kwa njia hii, kwa mtu aliyetoka Tanga juzi, mimi naipinga waziwazi, hata kama ndiyo ya bei nafuu. Ongeza usiku mmoja Horombo: siku hiyo panda taratibu mpaka kwenye Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kaa robo saa, rudi ulale. Njia ya Machame ina umbo zuri zaidi kwa sababu siku moja unapandishwa mpaka Lava Tower, mita 4,600 hivi, halafu unashushwa kulala Barranco, chini ya 4,000. Mwenye uwezo aanze na Mlima Meru, mita 4,566, alale kwenye kambi za Miriakamba na Saddle, kisha ndipo aende Kilimanjaro ndani ya siku chache.

Wiki moja Lushoto je? Inakusaidia kujifunza kutembea kwa baridi na kupanda kwa pumzi, na msitu wa Magamba unakufikisha juu ya mita 2,000. Ila mwili hauzoei mwinuko wa Kibo ukiwa mita 1,400. Nenda kwa ajili ya miguu, usijidanganye kuhusu damu.

Kwa wapagazi hesabu ni ngumu zaidi. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20, na juu yake kijana anabeba vitu vyake. Anatembea haraka kuliko mgeni ili hema liwe tayari mgeni akifika, na kichwa kikimuuma anakaa kimya kwa kuogopa kurudishwa na kukosa malipo. Ukimya huo ndio unaoua. Kijana wa pwani anayekwenda kuanza kazi hii akubaliane na kiongozi wa msafara kabla ya geti kwamba akisema kichwa, atasikilizwa. Na safari ya kwanza achague ya siku saba, asichukue ya tano. Mirungi ya kuondoa uchovu aiache nyumbani. Inapandisha mapigo ya moyo ambayo tayari yamepanda, inamnyima usingizi, na inamfanya asijisikie anavyoumwa.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, na pamoja nacho kichefuchefu au kutapika, uchovu usio wa kawaida, au kizunguzungu. Mara nyingi huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Ukiwa navyo usipande. Kaa, kunywa, meza parasetamo, na ukipata nafuu kesho yake endelea. Ukizidiwa, shuka.

Magonjwa mawili yanayoua yana dalili zake. La kwanza ni ubongo kuvimba. Chora mstari wa mita tatu, nne kwa fimbo kwenye vumbi, mwambie mtu atembee juu yake kisigino kikigusa vidole, hatua kwa hatua. Mzima aliyechoka atayumba kidogo na kumaliza. Aliyevimba ubongo anatoka nje ya mstari hatua ya tatu, anapanua mikono, anataka kukaa. Tena anaweza kuwa anabisha kwamba yuko sawa, au anaongea maneno yasiyofuatana. Huyo hasubiri asubuhi. Anapewa deksamethasoni miligramu 8, kisha 4 kila baada ya saa 6, na oksijeni, huku anashushwa. La pili ni maji kwenye mapafu, hasa usiku wa pili mpaka wa nne: anahema hata amekaa, kikohozi kinaanza kikavu, baadaye mate yenye povu la rangi ya waridi, kucha za bluu. Huyu asitembezwe mwenyewe kama kuna machela, maana juhudi inazidisha maji. Mita 300 za kushuka zinaweza kubadilisha hali. 1,000 ni bora.

Kile kipimo cha oksijeni ya damu cha kubana kidoleni kinasaidia, lakini kina mitego. Horombo asilimia 85 hadi 90 haishangazi, na Kibo watu wengi huwa chini ya 85 wakiwa wazima. Kwenye ngozi nyeusi kipimo mara nyingine husoma juu kuliko ukweli. Kidole cha baridi kinakataa kusoma, kipashe kwapani kwanza. Na kwa wanawake wetu: piko nyeusi kwenye ncha ya kidole, kama rangi ya kucha, huziba mwanga, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa, au safiri kabla ya harusi na siyo baada yake. Mtu anayeyumba mwenye namba nzuri bado ni mgonjwa.

Mambo mawili ya kwetu pwani

Vitabu vingi vya kupanda mlima vimeandikiwa watu wa nchi za baridi, hivyo mambo haya mawili huwa hayapewi nafasi.

La kwanza ni malaria. Ukiumwa na mbu Tanga leo, malaria kali kwa kawaida huibuka baada ya siku 7 mpaka 14, yaani inaweza kukukuta katikati ya mlima. Kichwa, kutapika, kuchoka: ni dalili zile zile. Tofauti ni homa. Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida haupandishi joto la mwili mpaka 38 na nusu na kutetemeka. Kipimajoto na vipimo viwili vya haraka vya malaria havizidi uzito wa kitunguu. Vibebwe, pamoja na dozi moja ya dawa mseto. Mwenye homa anashuka, akipimwa njiani.

La pili ni sikoseli. Kinasaba chake kimeenea zaidi maeneo ya chini yenye malaria nyingi, kwa kuwa aliyekirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Watu wengi wa pwani wanacho na hawajui. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, asipande Kilimanjaro. Upungufu wa oksijeni unazikunja chembe zake na kuleta maumivu makali. Aliyerithi kwa mzazi mmoja, AS, kwa kawaida anapanda salama, lakini wachache wao hupata bandama kukosa damu wakiwa juu. Maumivu makali ghafla chini ya mbavu za kushoto, na kutapika, kwa kijana aliyekuwa mzima: watu hudhani ni tumbo la chakula. Siyo. Ashushwe mara moja na afikishwe hospitali. Kipimo cha damu kinachoonyesha AA, AS au SS kinafanywa mara moja katika maisha, na kwa yeyote wa huku anayetaka kupanda juu ya mita 2,500 nakiona ni cha lazima kuliko hata viatu.

Jikoni nako mwinuko hauachi mtu. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 Tanga, kama 95 Lushoto, kama 87 na nusu Horombo, na 84 hivi Kibo. Hayo maji ya Kibo yanabubujika kwa kishindo lakini maharage ndani yake hayaivi, unaunguza gesi bure. Yachemshwe chini, au yapikwe kwenye sufuria ya presha. Wali unabaki na kiini usipoloweka mchele nusu saa na kuuwekea jiwe juu ya mfuniko. Ugali hauna shida hiyo: wanga wa mahindi unaiva kuanzia nyuzi 62 mpaka 72, kwa hiyo hata Kibo maji yana joto la kuzidi, na chakula cha wanga ndicho kinachokwenda vizuri tumboni pale hamu ya kula inapokufa. Maji ya kunywa juu ya mita 2,000 yaache yachemke dakika tatu kamili. Kunywa lita tatu hivi kwa siku, pamoja na supu au chumvi kidogo, kwa sababu hewa kavu inakukausha kila pumzi. Lita sita za maji matupu ni hatari nyingine.

Joto hupungua nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000. Fulana ya pamba na jinzi hushika jasho na kukugandisha. Kwenye mitumba tafuta sweta za nailoni nyepesi na koti lisilopitisha upepo.

Limebaki la wanaorudi. Mpagazi anayekuja Tanga kula Idd na kukaa mwezi mzima hapandi akiwa yule aliyeshuka. Ule upumuaji mpya unaanza kupotea ndani ya wiki ya kwanza, na baada ya wiki mbili au tatu umekwisha. Chembe nyekundu za ziada nazo mwili unazipunguza kwa sababu huku chini hazina kazi. Hata wenyeji wa Andes wanaoshuka pwani wiki mbili kisha wakarudi kwao wamewahi kupata maji kwenye mapafu, hasa watoto na vijana. Kwa hiyo baada ya likizo, safari ya kwanza ihesabiwe kama ya mgeni: mzigo mwepesi, usiku mbili Horombo, na mtu wa kulala naye hema moja anayejua ule mstari wa kisigino na vidole.